Wateja kwanza, mtambo baadaye: kisa cha askari na mpima ardhi aliyeanzisha gazeti Kentucky, 1785–1802

Kisa hiki kinatoka Kentucky, enzi ambayo eneo hilo lilikuwa bado wilaya ya mbali ya Virginia, miaka michache baada ya vita vya uhuru wa Marekani. Kwa desturi ya uchambuzi wa aina hii, jina la mhusika na la ndugu yake nimeyaacha. Namwita Mpimaji, kwa sababu hata alipogeuka mchapaji aliendelea kufikiri kama mpima ardhi. Aliyesoma historia ya Kentucky atamtambua mapema, na si neno. Habari zake zimo katika kumbukumbu za umma. Ninachotaka kitazamwe ni mpangilio wa maamuzi. Wanaomsimulia hupenda kuanzia pale mtambo wa chapa unaposhushwa mtoni. Kwa maoni yangu, kazi ngumu zaidi ilikuwa imeshafanyika kabla mtambo haujanunuliwa.

## Usuli: bunduki na mnyororo

Mpimaji alizaliwa Virginia mwaka 1749. Alivuka milima kuingia Kentucky mwaka 1779 akiwa naibu mpimaji, na huko huko akabeba silaha katika mapambano na Washawnee, moja ya mataifa ya wenyeji asilia wa Amerika. Mwaka 1785 aliihamishia familia yake karibu na Lexington.

Kazi ya kupima na kazi ya vita hazikutengana kule. Katika Mkataba wa Fort Stanwix wa mwaka 1768, Wairoquois, wenyeji asilia wengine, waliwaachia Waingereza ardhi ya kusini mwa mto Ohio. Washawnee, ambao ndio waliokuwa wakiwinda humo, hawakukubali wengine wawauzie mali yao. Walipowaona watu wenye dira na mnyororo msituni walijua kinachofuata, na mara nyingi walipigana. Mpimaji alikwenda kazini na bunduki begani. Mwaka 1780 jeshi la George Rogers Clark, kamanda wa Virginia, lilivuka Ohio likateketeza mahindi ya Washawnee huko Chillicothe na Piqua, na Agosti 1782 wanamgambo wa Kentucky walipigwa vibaya Blue Licks. Kati ya safari moja ya vita na nyingine, watu walikuwa wakigawana ardhi.

Waligawana vibaya. Hapa inabidi nikae kidogo, maana bila kuelewa fujo ya ardhi huwezi kuelewa kwa nini gazeti lilipata wateja.

Sheria ya ardhi ya Virginia ya mwaka 1779 ilimpa ekari 400 aliyekuwa ameweka makazi kabla ya Januari 1778, pamoja na haki ya kununua ekari 1,000 za kando. Wengine walinunua vibali Hazina, pauni 40 kwa ekari 100. Baada ya kibali, mtu aliandikisha dai kwa mpimaji wa kaunti, kisha ardhi ikapimwa, na mwisho ndipo hati ikatolewa. Lakini serikali haikuwa imepima eneo lile kabla ya kuuza. Kila mnunuzi alijichagulia kipande, umbo lolote, akakieleza kwa maneno: anzia kwenye mti fulani uliochanjwa, fuata kijito hadi kinapogawanyika, kisha elekea mashariki kwa kipimo kadhaa. Aliyefuata naye akafanya hivyo hivyo, mara nyingi bila kujua kwamba mwenzake amemtangulia. Madai yakalaliana kama makuti juu ya paa.

Upimaji wenyewe ulikuwa wa mkono na mguu. Mnyororo uliotumika ulikuwa na urefu wa futi 66 na pingili 100. Minyororo 80 ni maili moja, na minyororo kumi ya mraba ni ekari moja. Watu wawili walishika ncha, wa tatu alichanja miti kwa shoka, mpimaji akasoma dira na kuandika daftarini. Penye mteremko mnyororo ulipaswa kushikwa usawa, la sivyo urefu uliongezeka kwenye karatasi bila kuongezeka ardhini. Sindano ya dira nayo haielekei kaskazini halisi, na mkengeuko wake hubadilika kadiri miaka inavyopita. Mti wa alama ukianguka au ukikatwa, mpaka umekwenda nao. Daniel Boone, mtu mashuhuri kuliko wote mpakani kule na mwenyewe naibu mpimaji, alipoteza sehemu kubwa ya ardhi aliyodai. Baba yake Abraham Lincoln alihama Kentucky mwaka 1816, na ugomvi wa hati ulikuwa mojawapo ya sababu. Wasomaji waliowahi kununua kiwanja kilichokwisha kuuzwa kwa mwingine hawahitaji maelezo zaidi.

## Tatizo lililokuwa mezani

Tangu Desemba 1784 wajumbe wa Kentucky walikutana Danville kujadili kujitenga na Virginia na kuunda jimbo lao. Mikutano hiyo ilikuja kufikia kumi. Ugumu ulikuwa kwamba yaliyoamuliwa Danville yalimfikia mkulima wa kaunti ya mbali kwa mdomo tu, yakiwa yameongezewa chumvi njiani. Mwaka 1785 mkutano uliamua kwamba mtambo wa chapa ni wa lazima ili watu wajue kinachoendelea na wafikie msimamo mmoja, ukateua kamati ya kumtafuta mchapaji.

Mmoja wa wanakamati alikuwa James Wilkinson, jenerali ambaye baadaye ilijulikana kwamba alikuwa akilipwa na Hispania kwa siri. Kamati ya kueneza ukweli ilianza na mtu wa namna hiyo!

Kamati iliwatafuta wachapaji wa mashariki, haikupata. Ukiangalia kwa jicho la mchapaji wa Philadelphia, jibu lao lilikuwa la haki. Mtambo ni mali ya gharama, njia ya mto Ohio ilikuwa na mashambulizi, na upande wa pili hapakuwa na ofisi ya posta hata moja. Ya kwanza ilikuja kufunguliwa Danville mwaka 1792. Fedha taslimu nazo zilikuwa adimu, maana Hispania ilikuwa imewafungia Wamarekani biashara ya mto Mississippi tangu 1784. Mkulima alikuwa na ghala limejaa lakini hakuwa na pa kuuzia.

## Maamuzi

Mpimaji hakujua kupiga chapa. Hakuwahi kupanga herufi hata mstari mmoja. Hata hivyo alijitokeza na kuwaambia wajumbe kwamba ataanzisha gazeti, mradi wamhakikishie kazi za umma.

Uamuzi huo wa kwanza ndio uliobeba mengine yote, na ulikwenda kinyume na kawaida. Fundi wa kawaida huwa na ujuzi na vifaa, kisha hutafuta wateja. Huyu alianza na mteja mkubwa kuliko wote, yaani mkutano uliokuwa njiani kuwa serikali, ndipo akaanza kutafuta ujuzi na vifaa. Nadhani upimaji ulimfundisha hilo. Katika mfumo wa Virginia, aliyewahi kuandikisha dai alikuwa na nguvu hata kabla mnyororo haujagusa ardhi, na aliyechelewa alikuta kipande kizuri kina mwenyewe. Alichofanya Danville ni kuandikisha dai la uchapaji wa Kentucky yote.

Mwaka 1786 wasimamizi wa mji wa Lexington walimpa kiwanja. Tutambue alivyokipata: mji uligombea gazeti, naye akaufanya uchangie. Danville ndiko wajumbe walikokutana, lakini Lexington ndiko biashara ilikokuwa ikikua, ingawa hata mwaka 1790 sensa ilihesabu watu 834 tu mjini humo. Kwa wakati ule uchaguzi wa Lexington ulikuwa sahihi. Tutarudi kwenye suala la mahali mwishoni.

Kwa upande wa ujuzi, alimtuma ndugu yake Pittsburgh, kwa John Scull, ambaye mwaka huo huo wa 1786 alikuwa ameanzisha gazeti la kwanza magharibi ya milima ya Allegheny. Angeweza kwenda mwenyewe. Akabaki Lexington kushughulikia ahadi na ujenzi, na ndugu yake akarudi akiwa ndiye pekee katika nyumba nzima anayeijua kazi. Uamuzi huu ulikuwa nafuu kwa muda ule, lakini bei yake ililipwa Agosti 1787.

Bei ya gazeti ilikuwa shilingi 18 kwa mwaka, na tangazo la urefu wa kawaida shilingi 3. Aliyekosa fedha aliruhusiwa kulipa kwa mazao: nafaka, nyama, katani, nguo za kitani, hata whisky.

## Safari ya herufi na toleo la kwanza

Mtambo ulinunuliwa Philadelphia, ukavushwa milimani hadi Pittsburgh, ukapakiwa kwenye mashua bapa na kuteremka Ohio hadi Limestone, bandari ambayo leo ni Maysville. Kutoka pale hadi Lexington ni kama kilomita 100 za njia ya farasi, ile ile iliyopita Blue Licks. Mtoni walipita salama. Hasara iliwapata nchi kavu.

Herufi za madini ya risasi ni vipande vidogo vyembamba, kimoja kwa kila herufi, alama na nafasi. Hukaa kwenye trei ya mbao yenye vijumba vingi, na mpangaji hunyoosha mkono bila kutazama kwa sababu vidole vimeshajua kijumba cha a kiko wapi na cha e kiko wapi. Mizigo ilipotikiswa migongoni mwa farasi, sehemu kubwa ya herufi ilimwagika na kuchanganyika. Kuzirudisha maana yake ni kuokota kipande kimoja kimoja, kukigeuza kwenye mwanga na kukisoma. Na herufi ya chapa husomeka kinyume, kama kwenye kioo: b inafanana na d, p na q, n na u, na tofauti yake ni mkwaruzo mdogo ubavuni mwa risasi unaoonyesha upande wa chini. Fundi aliyezoea huisoma kwa kidole. Asiyezoea anafanya kazi hiyo kwa siku nyingi na bado atakosea.

Asiyezoea ndiye aliyebaki kazini. Ndugu yake, msaidizi wake wa pekee, aliugua, na kwa siku kumi hakuweza kugusa chochote.

Tarehe ya toleo la kwanza ilikuwa imeshatangazwa. Mpimaji alikuwa na njia mbili: kuahirisha hadi mgonjwa apone, au kutoa alichoweza. Alitoa. Toleo la 11 Agosti 1787 lilikuwa na makala fupi mbili, tangazo moja, na ombi la radhi kwa wasomaji. Katika ombi hilo hakuzunguka. Alieleza kwamba alikuwa na haraka ya kutimiza siku aliyoahidi, kwamba herufi nyingi zilichanganyika zikitoka Limestone, na kwamba mshirika wake alikuwa mgonjwa kwa siku kumi.

Uchapaji wenyewe ulihitaji watu wawili: mmoja kupaka wino kwa mipira ya ngozi, mwingine kuweka karatasi na kuvuta mkono wa mtambo. Wawili waliozoea walitoa karatasi 200 hadi 250 kwa saa, upande mmoja. Herufi kubwa zilipopungua, Mpimaji alizichonga kwa mbao.

## Kilichofuata

Gazeti lilisimama. Mwaka 1788 karakana ilitoa almanaka ya kwanza ya Kentucky, bidhaa ya busara maana mkulima asiyenunua gazeti bado alihitaji kalenda ya mwaka. Mwaka huo huo ndugu yake alitoka katika ushirika, na Mpimaji, ambaye sasa alikuwa ameijua kazi kwa kulazimika, akaendelea peke yake. Mwaka 1789 bunge la Virginia lilielekeza matangazo fulani ya kisheria yachapwe katika gazeti hilo. Sheria iliandika jina la gazeti kwa tahajia tofauti na yake, na mwezi Machi akabadilisha jina lifuate sheria. Mtu aliyeona watu wakinyang'anywa mashamba kwa sababu ya neno moja kwenye dai asingeacha pengo la namna hiyo.

Juni 1792 Kentucky ikawa jimbo, Isaac Shelby akiwa gavana wa kwanza, bunge likakutana Lexington, na Mpimaji akachapa sheria zake za kwanza. Ahadi ya Danville ililipwa miaka sita baada ya kutolewa.

## Uchambuzi

Anayesema gazeti hili lilifaulu kwa sababu watu wa mpakani walikuwa na kiu ya habari anarahisisha mno. Habari za Ulaya zilifika zikiwa na umri wa miezi. Kilichouza ni matangazo: ardhi inauzwa, dai linapingwa, fulani ataanza kupima mipaka yake siku fulani, farasi amepotea, mke ametoroka, mumewe hatalipa madeni yake. Katika nchi ya madai yanayolaliana, tangazo lililochapwa na kuwekwa tarehe ni ushahidi kwamba ulisema mapema. Kabla ya gazeti, tangazo lilibandikwa mlangoni na mvua ikalifuta. Mpimaji alijua thamani ya tarehe kwa sababu kwa miaka alikuwa ameziandika yeye mwenyewe. Mchapaji wa Philadelphia, hata angekuja, angechukua muda kuligundua soko hilo.

Namuunga mkono pia katika kutoa toleo la kwanza likiwa nusu. Wapo wanaoona ni aibu gazeti kuzaliwa na ombi la radhi. Lakini wateja wake walikuwa wameahidi wakati hana chochote, nao walikuwa wakisubiri kuona kama naye ataheshimu ahadi. Makala mbili fupi kwa siku iliyosemwa zilikuwa na uzito kuliko kurasa nne zilizochelewa mwezi.

Ninapomlaumu ni kwenye watu. Aliyafikiria sana maswali ya fedha na mahali, kisha akaweka ujuzi wote katika mwili wa mtu mmoja. Miezi ambayo ndugu yake alikuwa Pittsburgh ilitosha kumtafuta kijana wa pili wa kumfuata, au yeye mwenyewe kwenda kwa wiki chache. Kuchanganyika kwa herufi ni ajali. Kuugua ni jambo la kawaida, na katika karne ile hakuna aliyelishangaa. Mambo hayo mawili yakikutana na fundi wa pili yupo, ni usumbufu. Yalipokutana na hayupo, gazeti lilikaribia kukwama.

Malipo kwa mazao yalikuwa lazima, si ukarimu, na yalifanya nusu tu ya kazi. Mahindi yanalisha familia na wafanyakazi, lakini hayanunui karatasi wala wino, na hadi kiwanda cha karatasi kilipoanza Georgetown mwaka 1793 karatasi ilitoka mbali na ilitaka fedha. Whisky na katani zilisafirika kuliko nyama. Ningekuwa mhasibu wake ningemshauri apokee hizo mbili kwa bei nzuri zaidi na kuzikataa nyama na nafaka zikizidi mahitaji ya nyumba.

Kuna upande ambao mafanikio haya hayauonyeshi. Sensa ya 1790 ilihesabu watu 73,677 Kentucky, na 12,430 kati yao walikuwa watumwa. Gazeti lile lile lililomlinda mdai ardhi kwa tarehe lilichapa matangazo ya kuwasaka watumwa waliotoroka, pamoja na maelezo ya makovu na nguo zao, kwa malipo ya kawaida ya tangazo. Washawnee nao hawakuwa na safu yoyote. Walitajwa kama hatari, wakati kila kipande kilichotangazwa kuuzwa kilitoka katika ardhi waliyosema hawakuiuza. Anayefundisha kisa hiki kama hadithi ya uhuru wa habari aseme pia habari hizo zilikuwa za nani.

Kosa la mwisho lilichukua muda kuonekana. Mwaka 1793 makao makuu ya jimbo yalihamia Frankfort, kama kilomita 40 kutoka Lexington. Mpimaji alibaki na karakana yake alipokuwa. Mwanzoni haikudhuru, lakini mtu aliyejenga biashara yake juu ya kazi za serikali angepaswa kuweka mapema mtambo wa pili palipo na serikali, hata mdogo, hata chini ya mwanawe. Mwaka 1795 mshindani alifungua gazeti hapo hapo Lexington, na kufikia 1798 uchapaji wa serikali ulikuwa kwa wachapaji wa Frankfort. Alipomkabidhi mwanawe gazeti mwaka 1802, alimkabidhi jina, mtambo na wateja wa matangazo. Yule mteja mkubwa aliyemwezesha kuanza hakuwa tena katika orodha.